Picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya bei nafuu: nilivyouondoa ule ukijani (uzi mrefu)

DirishaLaMashariki (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili limenikaa rohoni miezi mingi, na najua humu kuna watu wa steshenari, wapiga picha za harusi na wengine wenye printa zao nyumbani tu. Kila wiki naulizwa swali lilelile: "Printa yangu inatoa picha za rangi safi kabisa, lakini nikichapa picha nyeusi na nyeupe inatoka kijani, au zambarau, au imefifia. Ninunue printa gani?"

Usinunue printa. Hiyo uliyonayo, kama nozeli zake zote (vitundu vya kutolea wino) ni nzima, inaweza kutoa picha utakayoitundika ukutani. Tatizo lipo kwenye kijivu, na hapo ndipo watu hawatazami.

Mwaka jana shangazi alinipa picha ya marehemu bibi. Ndogo, kama sentimita 6 kwa 9, kingo zake zimekatwa mawimbi kama picha nyingi za studio za zamani. Bibi amesimama mbele ya pazia lililochorwa, kajitanda kanga, mkono mmoja ameuweka juu ya mgongo wa kiti. Karatasi imeingia umanjano na pembeni kuna doa la maji. Shangazi alitaka nakala nane, kila mtoto wa bibi aliyebaki apate yake. Nikapeleka steshenari moja mjini, nikarudishiwa picha ambayo kanga imekuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha. Nikachapa mwenyewe kwa Epson L3110 yangu, mambo yakawa yaleyale. Shangazi aliipokea, akaitazama kimya kwa muda, kisha akasema: "Huyu anafanana na mama."

Anafanana! Sikulala vizuri siku ile. Tangu hapo nimemaliza karatasi nyingi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Printa hizi za kawaida zina wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Hakuna tangi la kijivu. Ukiiambia ichape kijivu ina njia mbili tu. Ama inachanganya zile rangi tatu kwa kiasi kinacholingana mpaka macho yaone kijivu, ama inadondosha vitone vyeusi kimoja hapa kimoja pale, na weupe wa karatasi unafanya kazi iliyobaki. Njia ya kwanza ndiyo mama wa ukijani. Majenta ikipungua kidogo tu, kijivu chote kinaegemea kijani. Kwenye picha ya rangi kosa hilo hulioni, kwa sababu shati likizidi kijani kidogo nani atajua? Kwenye picha isiyo na rangi yoyote, macho yanalikamata palepale.

Kujua printa yako inatumia njia ipi, chapa kipande cha kijivu cha kati, kisha fungua kamera ya simu, sogeza karibu, vuta mpaka uone vitone. Ukiona vitone vya bluu, vya waridi na vya njano vimelala pamoja, ni mchanganyiko. Ukiona vyeusi peke yake, ni wino mweusi tu. Mimi niliyaona yote mawili kwenye printa moja, kwa kubadilisha aina ya karatasi na kuweka alama kwenye kisanduku cha Grayscale (kuchapa bila rangi) ndani ya draiva, ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa. Kwa hiyo msiulizane humu "ya kwako ikoje", kila mtu aangalie ya kwake.

Nakula kwanza, nitarudi na hatua.

FundiSteshenari

Mkuu umegusa kidonda. Mimi nina steshenari mwaka wa sita, na nikiri kwamba wateja wa picha za wazee huwa nawachapia harakaharaka na rangi inatoka hivyo hivyo. Swali langu: wino. Natumia wino wa kopo wa bei ya chini, si ule wa kampuni. Unaweza kuwa ndio chanzo?

DirishaLaMashariki

Unachangia, ndiyo, ila si lazima uache kuutumia. Draiva ya printa imepimwa kwa wino wa kampuni. Inajua majenta yake ina nguvu kiasi gani. Wewe ukiweka majenta nyingine iliyo dhaifu kidogo, hesabu ya kijivu inavunjika ingawa picha za rangi bado zinapendeza. Ukishapima na kurekebisha, wino wa kopo unaweza kutoa kijivu kizuri kabisa. Sharti ni moja: baki na kopo la aina hiyohiyo. Ukibadilisha au ukichanganya ndani ya tangi, vipimo vyote vinaanza upya.

Haya sasa, kazi yenyewe.

Kwanza, kagua nozeli. L3110 ina nozeli 180 za wino mweusi na 59 kwa kila rangi. Zikiziba tano za majenta hutaona kwenye barua wala kwenye tangazo la kanisa, utaona kwenye shavu la bibi. Chapa ukurasa wa ukaguzi, tazama kama kuna mstari uliokatika. Umekatika, safisha kichwa mara moja, kagua tena. Usisafishe mara sita mfululizo, kwa sababu wino wote huo unaingia kwenye sponji la chini, na sponji likijaa printa inagoma.

Pili, skani. Hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, skani kwa rangi. Hili nasisitiza kwa sababu kila mtu anafanya kinyume. Ukiskani kwa rangi unapata chaneli tatu: nyekundu, kijani, bluu. Umanjano na madoa ya kahawia yanaonekana meusi sana kwenye chaneli ya bluu, na kwenye chaneli nyekundu yanakaribia kutoweka. Nilipofungua picha ya bibi ndani ya GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha) na kubaki na chaneli nyekundu peke yake, lile doa la maji lilipotea karibu lote bila mimi kugusa brashi.

Kuhusu ukubwa, skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Picha ya sentimita 6 kwa 9 inakupa takriban pikseli 1417 kwa 2126, ukichapa kwa dpi 300 inakuwa sentimita 12 kwa 18. Hapo umeikuza mara mbili kila upande na bado ni safi. Anayetaka A4 kutoka kwenye picha ndogo hivyo aelewe kwamba itakuwa laini, na hakuna mipangilio ya printa itakayoongeza kilichokosekana kwenye skani.

Tatu, na huu ndio moyo wa uzi: chapa ngazi ya vijivu. Tengeneza ukanda wenye vyumba 21, kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi kamili, kila chumba kikipanda kwa asilimia 5. Kwenye GIMP ni 255, halafu 242, halafu 230, 217, unashuka hivyo mpaka 0. Andika namba juu ya kila chumba. Uchape kwenye karatasi ileile utakayotumia, subiri ukauke angalau saa moja, upeleke dirishani mchana. Ndipo uulize maswali mawili. Je, vyumba vyote 21 vinatofautiana? Na je, kuna vinavyoegemea rangi fulani?

Kwangu vyumba vya 18 hadi 21 vilikuwa kitu kimoja cheusi ti. Maana yake kila kilichokuwa kwenye kivuli cha picha kilimezwa. Na vyumba vya katikati, 8 hadi 13, vilikuwa kijani.

KijanaWaMwanza

Nafuatilia kwa makini. Mkuu, hapo vyumba vikimezana unafanyaje? Unaongeza mwanga kwenye draiva?

DirishaLaMashariki

Hapana ndugu yangu, ukiongeza mwanga wa jumla unainua kila kitu, nyeusi inakuwa kijivu na picha inapauka. Tumia Curves, yaani mkunjo wa mwanga ndani ya GIMP. Acha weusi kamili pale 0 ulipo, acha weupe pale ulipo, inua sehemu ya vivuli peke yake. Kwangu, sehemu iliyokuwa 25 niliipandisha hadi 38, na mstari nikaulainisha urudi kwenye njia yake kabla ya kufika katikati. Nikachapa ngazi tena. Bado 20 na 21 zilishikana. Nikainua kidogo tena. Mara ya nne vyumba vyote vilionekana, na mkunjo huo nikauhifadhi kwa jina la karatasi. Sasa kila picha ninayochapa kwenye karatasi ile inapitia mkunjo ule mwishoni kabisa, baada ya kumaliza marekebisho mengine yote.

Nikwambie kilichotokea. Nilichapa upya ya bibi, nikampelekea shangazi. Safari hii hakusema anafanana. Aliichukua akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza machoni, akaanza kusoma. Kwenye upindo wa kanga kulikuwa na herufi! "WACHA" inasomeka yote, neno linalofuata limeingia kwenye mkunjo wa nguo. Herufi zilikuwepo kwenye picha siku zote, kwenye ile nakala ya steshenari zilikuwa weusi mtupu. Shangazi anawapigia simu wadogo zake mpaka leo kuuliza nani anaikumbuka kanga ile.

MamaKeA_Mvita

Ahsante sana kaka kwa somo. Mie niko Mombasa, natumia Canon ya matangi, G2010. Karatasi ni ile ya kung'aa. Shida yangu si kijani, ni kwamba weusi wenyewe si weusi, ni kama kahawia ya kahawa iliyotiwa maji. Nikichapa barua, weusi ni mzuri mno. Kwa nini kwenye picha wakataa?

DirishaLaMashariki

Dada, karibu sana. Printa yako ina wino wa namna mbili ndani yake. Mweusi wake ni wa pigmenti, yaani chembe ndogondogo ngumu zinazokaa juu ya karatasi. Rangi tatu zilizobaki ni wino wa dai, unaoyeyuka na kuzama ndani. Karatasi ya kung'aa haiwezi kuushika ule wa pigmenti, ungekaa juu na kufutika kwa kidole. Kwa hiyo ukichagua karatasi ya picha inayong'aa, draiva inaufungia wino mweusi nje na kutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi tatu. Ndiyo hiyo kahawia unayoiona. Printa haijaharibika.

Ushauri wangu: kwa picha nyeusi na nyeupe, achana na karatasi ya kung'aa. Tafuta karatasi ya picha isiyong'aa, yenye uzito kidogo. Kwenye draiva chagua karatasi ya kawaida, yaani Plain Paper, ubora wa juu, na uweke alama ya Grayscale. Hapo printa italazimika kutumia ule mweusi wa pigmenti, na kwa kuwa ni wino mmoja tu, hakuna rangi ya kuegemea. Uhakikishe kwa simu, tazama vitone. Ukitaka uhakika zaidi, dondosha tone la maji juu ya sehemu nyeusi iliyokauka. Dai itatiririka, pigmenti itabaki.

Utakachopoteza ni ulaini kwenye sehemu nyeupe. Mashavu, mawingu na kanzu vitaonyesha chembechembe ukiangalia karibu sana, kwa sababu kijivu chepesi ni vitone vyeusi vichache vilivyotawanyika. Mimi nazipenda chembe hizo, zinanikumbusha filamu. Kwa umbali wa mkono hazionekani.

Kwa wenye Epson L3110, L3210 na L3250, nyie wino wa matangi yote manne ni dai, hata mweusi. Mweusi wenu unakubali karatasi ya kung'aa vizuri na unatoa weusi mzito huko. Kwenye karatasi isiyong'aa unazama na kupauka kidogo. Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni kinyume cha huo wa dada.

FundiSteshenari

Na ule ukijani wa vyumba vya katikati uliumaliza vipi? Maana wateja wangu wanataka ya kung'aa tu, huwaambii kitu.

DirishaLaMashariki

Kwenye draiva ya Epson kuna mahali pa kurekebisha rangi kwa mkono: samawati, majenta, njano, kila moja unaipandisha au kuishusha kutoka -25 hadi +25. Toa alama ya Grayscale, tuma picha yako ikiwa tayari haina rangi, halafu cheza na namba hizo.

Ila usicheze kwa kubahatisha. Chukua kipande kimoja cha kijivu cha kati, kikate, chapa kwenye karatasi moja mara tisa, kila mara ukibadilisha kidogo: majenta +2, +4, +6, njano hivyohivyo, na michanganyiko yake. Andika namba pembeni ya kila kipande. Kata kwa mkasi, viweke juu ya karatasi nyeupe mezani. Macho yanajua kulinganisha kuliko kukadiria. Kipande kimoja peke yake kitakudanganya, tisa vikiwa pamoja kile kisicho na rangi kinajitokeza chenyewe. Kwangu kilikuwa majenta +4 na njano +2, kwa wino wangu na karatasi yangu. Usiniige namba, iga njia.

Na siri moja ya kibiashara nakupa bure. Macho husamehe kahawia, hayasamehi kijani. Ukishafika karibu na kijivu safi, ongeza joto kidogo kwa makusudi, chembe ya njano na majenta zaidi. Picha inakuwa na uvuguvugu wa picha za zamani, na hata kosa dogo lililobaki linafichwa humo. Mteja mwenye picha ya baba yake ya mwaka 1965 ataipenda zaidi ya kijivu cha chuma.

BaharMuscat

Assalaam alaykum jamani. Nimeusoma uzi wote. Sisi huku Muscat tuna picha nyingi za wazee waliotoka Unguja, nyingine nyuma zina mhuri wa Capital Art Studio, ile ya marehemu Ranchhod Oza aliyoifungua mwaka 1930. Vijivu vyake ukivitazama utadhani vina kina, kama unachungulia ndani ya maji. Mie nimejaribu kuzichapa, mara mbili nimepata tatizo hili: usiku sebuleni picha ni sawa kabisa, asubuhi naikuta ya kijani. Nikadhani wino unabadilika usiku!

DirishaLaMashariki

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Wino haukubadilika, taa ndiyo iliyobadilika. Kijivu kilichotengenezwa kwa rangi tatu kinategemea mwanga unaokiangukia. Taa ya LED ya sebuleni haina mchanganyiko ule wa mwanga wa jua, kwa hiyo rangi tatu zinazolingana chini ya taa hazilingani dirishani. Picha za Oza hazina shida hiyo kwa sababu kijivu chake ni chembe za fedha ndani ya jelatini, kitu kimoja tangu weupe hadi weusi. Amua picha itatundikwa wapi, kisha upime vile vipande tisa chini ya mwanga wa hapohapo. Kama itahama huku na huku, pima dirishani.

Na nyie wa huko kwenye ukavu, chapeni ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, hata kama hamna kazi. Wino ukikauka kwenye nozeli mtasafisha mpaka mchoke. Huku kwetu pwani shida ni kinyume chake, wakati wa masika picha inachelewa kukauka. Msiitie kwenye fremu siku hiyohiyo. Wino una vimiminika vinavyoendelea kutoka taratibu, na ukifunika na kioo mapema vinatanda kwa ndani kama ukungu. Ipe siku nzima, masika naipa siku mbili, juu yake nimelaza karatasi ya kawaida ivute unyevu. Ila kioo chenyewe kiwepo, msiiache wazi ukutani. Wino wa dai unaliwa na mwanga na hewa, na kioo kinapunguza vyote viwili. Na faili lihifadhiwe, siku ikififia unachapa nyingine.

KijanaWaMwanza

Mkuu nilisikia kuna watu wanatoa wino wa rangi wote na kujaza wino wa kijivu mtupu. Ni kweli?

DirishaLaMashariki

Ni kweli. Huko Marekani Jon Cone alianzisha mfumo wa Piezography, wenye wino wa vijivu vya ngazi mbalimbali badala ya rangi. Paul Roark naye aliweka wazi namna ya kuzimua wino mweusi wa kaboni ili kila tangi liwe na kijivu chake, na Roy Harrington akaandika programu ya QuadTone RIP ya kuziendesha printa za namna hiyo. Kaboni haifungamani na taa wala haififii upesi. Lakini printa ikishajazwa hivyo haichapi rangi tena, kwa hiyo kwa mwenye steshenari na printa moja sishauri. Wapo pia wanaonunua printa yenye kijivu tayari ndani, kama Epson ET-8550 yenye tangi moja la kijivu, au P700 yenye kijivu cha aina mbili. Hizo ni bei nyingine kabisa, na uzi huu niliufungua kwa ajili ya mtu ambaye hana pesa hiyo na ana picha ya mama yake mkononi.

MamaKeA_Mvita

Kaka nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema, karatasi isiyong'aa, Plain Paper, Grayscale. Kwa simu naona vitone vyeusi vitupu, na tone la maji halikutiririka. Weusi sasa ni weusi, nimefurahi mno! Ila kwenye ngazi yangu vyumba 2 na 3 havionekani, ni weupe kama karatasi, na 19 mpaka 21 vimeshikana. Picha ni ya harusi ya wazazi wangu, shela la mama limekuwa weupe mtupu, halina hata ua moja.

DirishaLaMashariki

Hongera dada, umeshapita pagumu. Anza na shela. Kwenye Curves, sehemu ya 242 ishushe hadi 236, na ya 230 hadi 222, weupe kamili uache pale 255. Vivuli usiviguse kwanza. Chapa ngazi, ikauke, itazame dirishani kesho asubuhi, uniambie chumba cha 2 kimeonekana au bado. Kikionekana, ndipo tushuke kwenye 19. Na kabla ya kuchapa picha nzima, kata kipande cha shela peke yake, kama kiganja, ukichape hicho. Utaokoa karatasi.